Bunduki Isiyo na Namba ya Shangazi Ardith

Ukiingia Bell Fork kwa barabara ya kusini, kabla hujaona kanisa wala kituo cha mafuta, utakutana na kibao kilichopakwa rangi kwa mkono: MTU WA WASHINGTON, GEUZA GARI HAPA. Chini yake kuna mshale uliopinda, kwa ajili ya wale ambao hata kugeuza gari hufundishwa na serikali. Kimesimama pale mwaka wa saba sasa. Mpaka leo aliyewahi kukitii ni muuza bima mmoja, na yule alikuwa amepotea.

Kibao ni kazi ya Ardith Pogue, mpishi mstaafu wa shule yetu ya msingi. Kaunti nzima humwita Shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja. Cheo hicho alikipata kwa mwiko. Kwa miaka thelathini na minne alitupakulia maharage na mkate wa mahindi, na aliyethubutu kusema mkate hauna sukari aliongezewa maharage mpaka aombe radhi. Sherifu wetu aliomba radhi. Mchungaji aliomba radhi. Mimi niliomba radhi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka.

Kwa Shangazi, dunia ina makundi mawili: watu, na watu wenye orodha. Watu wenye orodha ndio wanaotoka Washington, wanataka kujua nani ana bunduki gani, ameiweka wapi, ameinunua kwa nani. Yeye hajawahi kuandika popote kwamba ana bunduki. Hana risiti, hana picha, hana bima yake. Alitufundisha sote vivyo hivyo. Katika Bell Fork ukipiga picha ya familia, unamwambia baba atoke mlangoni kwanza, maana juu ya mlango ndipo bunduki hutundikwa. Nenda nyumba yoyote hapa uangalie albamu. Harusi, ubatizo, mazishi, wote wamesimama mbele ya friji.

Wageni hudhani ni ukorofi wa milimani tu. Upo, sikatai. Lakini Shangazi ana sababu yake, na sababu hiyo ina jina.

Alikuwa na kaka, Garland. Alipofika miaka kumi na minane, mwaka 1968, Garland alifanya kama sheria ilivyotaka: alichana nywele, akaenda mjini, akajiandikisha kwenye orodha ya vijana wa umri wa jeshi. Mwandiko mzuri, wino mweusi. Mwaka uliofuata orodha ikamwita. Akaenda Vietnam na akarudi ndani ya sanduku, pamoja na bendera iliyokunjwa pembetatu na barua ya mistari mitatu. Mama yao aliisoma ile barua akiwa amesimama, akauliza kama kuna ukurasa wa pili.

Vitu vya Garland vilivyobaki nyumbani si vingi. Jaketi, ambalo nondo walilimaliza. Glavu ya mpira wa besiboli, ambayo mbwa aliimaliza. Na jina lake kwenye kitako cha bunduki.

Bunduki yenyewe ukiiona hutaogopa. Ni ya risasi ndogo, risasi moja moja, ya kuwindia kindi. Baba yao, mzee Hollis, aliiagiza kwa posta mwaka 1938, enzi ambazo viwanda vingine havikujisumbua kugonga namba kwenye bunduki ya bei ile. Desturi ya nyumba ilikuwa hivi: ukiangusha kindi wako wa kwanza kwa bunduki ile, unapewa kisu, unachonga jina lako kwenye kitako. Kuna HOLLIS. Kuna FERN, mama yao, aliyempita mume wake kwa shabaha na hakumruhusu asahau. Kuna GARLAND, aliyekuwa na miaka kumi na hakupima nafasi, mti ukamwishia, herufi ya mwisho ikashuka chini kama mtu aliyekosa kiti. Halafu ARDITH, aliyejibana pembeni. Namba haina. Shangazi alikuwa akisema bunduki yake haihitaji namba, ina wenyewe.

Sasa njoo kwenye sheria. Jimbo letu la Missouri lilipoamua kwamba sheria za silaha za Washington zisituhusu, Shangazi alikuwa mstari wa mbele. Alikodi basi la kanisa akalijaza wajane na pai arobaini za tufaha, wakaenda mpaka makao makuu ya jimbo, wakakaa kwenye korido za bunge siku mbili. Mbunge akipita, anapewa kipande cha pai na kipande cha mawazo ya Shangazi. Wabunge wetu si watu wa kukataa pai. Muswada ukapita. Nimeusoma kwa niaba ya mji, kwa kuwa mimi ndiye mwenye diploma ya sheria, nusu yake. Ukiondoa maneno ya kujisifu unasema jambo moja: polisi yeyote wa kaunti akiwasaidia watu wa serikali kuu katika mambo yao ya bunduki, ofisi yake inaweza kutozwa dola elfu hamsini. Ofisi ya sherifu wetu ina magari mawili na mbwa mwenye baridi yabisi. Ukiiuza yote pamoja na mbwa, hufiki elfu hamsini.

Siku ile Shangazi alipaka rangi kibao, akakisimamisha barabarani. Cha pili, kidogo, chenye sheria yenyewe kwa mwandiko wake, alikitundika kwenye mlango wa sherifu kwa misumari yake mwenyewe.

Jumapili moja ya Oktoba iliyopita tulikuwa kanisani kwenye chakula cha pamoja, kila mtu na sufuria yake. Nyumba zetu hatufungi. Mwizi aliyekuwa akipita na barabara kuu aliingia kwa Shangazi bila haraka, akachukua redio, akachukua paja la nguruwe lililokuwa kwenye friji, na akiwa anatoka akanyoosha mkono juu ya mlango wa jikoni, akaitungua ile ya majina. Chumbani kulikuwa na bunduki mbili mpya za maana. Huyo hakuwa mwizi wa kusomea.

Shangazi hakulia. Alimwita Sherifu Dwight Kessinger, akakaa mbele yake akamwelezea bunduki ile kwa saa nzima, kila mkwaruzo, na Dwight akaandika ripoti ya kurasa tatu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Bell Fork kuandika maelezo ya bunduki kwenye karatasi ya ofisi. Dwight alisema alijisikia kama anayesaini talaka.

Wiki tatu zikapita kimya. Halafu, Alhamisi, Shangazi akawa anasoma ukurasa wa matangazo ya serikali gazetini kwa kioo cha kukuzia. Ukurasa huo husomwa na watu wawili tu nchini, anayeuandika na Shangazi, ambaye huupekua kila wiki kutafuta njama. Alikuta tangazo la silaha zilizokamatwa kwenye stoo ya wezi St. Louis na maofisa wa serikali kuu. Namba kumi na saba: bunduki ya zamani ya risasi moja, haina namba ya kiwandani, kitako kina majina yaliyochongwa. Mwenye mali ajitokeze na uthibitisho kabla ya tarehe kumi na nne Novemba. Zisizodaiwa zitakatwakatwa na kuyeyushwa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu.

Alienda kwa Dwight siku hiyo hiyo, na gazeti mkononi. Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya faini ya mwendo kasi, jambo ambalo halihusiani na hadithi hii na wala halikuthibitishwa. Alimwekea gazeti mezani na kumwambia awapelekee wale watu ripoti yake, bunduki irudi, mambo yaishe.

Dwight alilisoma tangazo mara mbili. Ni mtu mkubwa wa mwili, na alianza kusinyaa pale pale.

"Shangazi, siwezi."

"Huwezi nini? Mashine ya kutuma ipo nyuma yako."

"Hiyo ni kesi yao ya bunduki. Nikiwapa karatasi yangu, nimewasaidia. Nilimuuliza mwanasheria wa kaunti mambo kama haya mwaka jana. Kasema labda ni kosa, labda si kosa. Elfu hamsini kwa labda, Shangazi?"

"Nani kaweka sheria ya kijinga namna hiyo?"

Mbwa alinyanyua kichwa. Dwight, kwa heshima zote, alionyesha kwa kidole kibao kilichokuwa mlangoni, juu ya kichwa cha Shangazi.

Nilimwona akikisoma kama mtu anayesoma mwandiko wake wa darasa la pili. Kisha akakunja gazeti, akalitia kwenye mkoba. "Vizuri," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa kufanya kazi." Akatoka.

Dwight si mtu mbaya, na alikula maharage ya yule mama miaka sita. Kesho yake alipita nyumbani kwake kumrudishia bati lake la keki, safari hii likiwa na keki ya mkewe. Ndani ya bati, chini ya karatasi ya siagi, alikuwa ameweka nakala ya ile ripoti. Alikohoa tu, akaligonga bati mara mbili, akakonyeza, akaondoka akijiona jasusi.

Saa mbili baadaye Shangazi alikuwa ofisini kwake na bati lile lile.

"Umesahau kitu humu, kijana wangu."

"Sijasahau kitu, Shangazi. Mimi sijui kilichomo. Kama mtu akikikuta na akaenda nacho mahali, mimi nilikuwa nakunywa kahawa."

"Nilisimama kwenye korido siku mbili na magoti haya kuomba sheria hii. Siwezi kuipita dirishani mara ya kwanza inaponibana mimi. Ningekuwa nani?"

"Ungekuwa mtu mwenye bunduki yake."

"Chukua karatasi yako, Dwight. Na keki ilikuwa imeungua chini, mwambie mkeo apunguze moto."

Mji mzima ulimjadili siku ile. Kwa kinyozi walisema ana msimamo. Kwenye kituo cha mafuta walisema amechanganyikiwa. Mchungaji alisema vyote viwili, akamwombea. Bwana Teague, mwenye duka la mbegu, alitoa wazo kwamba twende watu ishirini na pikapu kumi tukaidai. Likapigiwa makofi sana, kisha ikagundulika kwamba Jumamosi ni ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu na kila mmoja ana udhuru. Uhuru tunaupenda, lakini kulungu nao wana tarehe zao.

Basi Jumanne, tarehe kumi na tatu, Shangazi alivaa koti la kanisani, akajaza chupa kahawa, akaendesha pikapu yake mwenyewe hadi St. Louis, mwendo wa saa nne kwa binadamu na saa sita kwa Shangazi. Yaliyotokea huko nayajua kwa mdomo wake. Ameyasimulia mara sita, na nimechukua yale yasiyobadilika.

Ofisi yenyewe ilimuudhi kwa kuwa ya kawaida. Alitarajia nguzo za marumaru na watu wa miwani myeusi. Alikuta zulia la kijivu, mashine ya kahawa iliyoharibika na maua ya plastiki. Mezani alikuwa amekaa mama mmoja mweusi wa makamo, Corliss Whitlow, sweta ya zambarau, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Shangazi alisema kilichomkera zaidi ni kwamba alifanana na mwalimu mkuu wake wa zamani, yule mmoja aliyempenda.

Bibi Whitlow alimuuliza kwa upole anadai namba ngapi. Kumi na saba. Ana risiti ya kununulia? Hana. Namba ya kiwandani? Haina. Picha? Hatupigi. Bima? Hatukati. Kuna shahidi yeyote aliyewahi kuandika popote kwamba bunduki ile ni yake?

"Ipo ripoti ya sherifu," Shangazi akasema. "Kurasa tatu. Nzuri sana."

"Naomba niione, mama."

"Siruhusiwi kukupa."

"Nani kakukataza?"

"Mimi."

Bibi Whitlow alivaa miwani, akamwangalia. Shangazi, ambaye hajawahi kusema uongo bila kujiandaa, akamwelezea yote: basi, pai, kibao, mbwa, bati la keki. Anasema yule mama hakucheka, ila aliangalia chini kwenye droo kwa muda mrefu kuliko droo inavyohitaji. Kisha akasema kwamba anamwamini, lakini kuamini hakuna mahali pake kwenye fomu. Kila mtu anayesoma gazeti anaweza kuja na kusema bunduki yenye majina ni yake. Anahitaji kitu cha maandishi, cha tarehe ya kabla ya wizi, kinachosema jambo ambalo gazeti halikusema. Kama hakuna, kesho saa kumi jioni namba kumi na saba inaenda kukatwa pamoja na wenzake.

Shangazi alikaa pale na mkoba wake magotini. Hapa katika masimulizi yote sita hukung'uta makombo ambayo hayapo. Miaka hamsini alikuwa amehakikisha hakuna karatasi duniani inayosema bunduki ile ni yake. Na alikuwa amefaulu.

"Nipe basi jina na unakotoka, niandike kwamba umefika," Bibi Whitlow akasema.

"Ardith Pogue. Bell Fork."

Kalamu ikasimama. Bibi Whitlow akarudia lile jina taratibu, kama mtu aliyesikia mlio wa gari analolijua. Akaomba radhi, akaingia mlango wa nyuma. Shangazi akajua sasa ndiyo mwisho, wanaita wanaume wa miwani. Akamalizia kahawa yake ili wasiikute.

Bibi Whitlow alirudi na boksi la viatu.

Sasa, kuna jambo ambalo sisi wa Bell Fork tulilijua bila kulifikiria. Kila mwaka tarehe tisa Machi, siku ya kuzaliwa kwa Garland, Shangazi hukaa mezani kuwaandikia barua ofisi ya silaha ya serikali kuu. Si vitisho. Ni matusi ya heshima, kwa mwandiko wa shule. Alianza mwaka ambao mama yake alikufa. Alisema wale watu waliipa nyumba yake mistari mitatu, na yeye atawafundisha jinsi barua inavyoandikwa. Hakuwahi kujibiwa, na hakutegemea. Alidhani wanaziwashia sigara.

Serikali haiwashii sigara barua. Serikali inatunza. Zote ishirini na tisa zilikuwa mle boksini, kwa mpangilio wa miaka, na kila mpokeaji aliyeondoka alimkabidhi aliyefuata.

"Wewe ndiye wa mkate wa mahindi," Bibi Whitlow akasema. "Ile ya kwamba mtu anayetia sukari kwenye mkate wa mahindi hawezi kuaminiwa kushika bunduki ya mtu mwingine. Tumegombana humu ndani kwa ajili ya barua ile mpaka watu wakanuniana."

"Wewe uko upande gani?"

"Mama yangu alikuwa wa Mississippi. Sukari haikuingia ndani."

Shangazi anasema hapo ndipo alipokosa pa kumweka yule mama, kwa kuwa makundi yake ni mawili tu.

Bibi Whitlow alichomoa barua moja, ya miaka mingi nyuma, akasoma kwa sauti. "Enyi waandikaji wa orodha. Juu ya mlango wangu kuna bunduki ambayo hamtaiandika kamwe. Ni ya risasi moja. Mtutu una kovu karibu na ncha, pale baba yangu alipofungulia chupa. Kitako kina majina manne, na la tatu ni la kaka yangu, ambaye herufi yake ya mwisho imeshuka chini kwa kukosa nafasi, na mlimpata yeye lakini hii hamtaipata. Wenu asiye mtiifu, Ardith Pogue."

Akaiweka. Akachukua nyingine, ya mwaka mwingine. Kovu lile lile, herufi ile ile. Nyingine. Ishirini na tisa, kila moja na tarehe, kila moja na muhuri wa posta wa serikali. Katika jimbo zima la Missouri hakuna raia aliyewahi kuisajili bunduki moja kwa serikali kuu mara nyingi kama Shangazi Ardith, na alikuwa amelipia stempu mwenyewe.

Wakaileta, imelazwa kwenye trei kama samaki, na kikaratasi cha namba kimefungwa kwa uzi kwenye mtutu. Bibi Whitlow akavaa glavu, akaigeuza kitako juu. Kovu lilikuwepo. Herufi ilikuwa imekaa chini, pale pale ilipokosa kiti. Akamsogezea fomu. Jina kamili, anwani, maelezo ya silaha, sahihi.

Shangazi aliisoma fomu yote, hadi maandishi madogo ya chini ambayo hata aliyeyaandika hakuyasoma.

"Karatasi hii inakaa wapi?"

"Kwenye kabati."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi na wewe tuwe hatuna haja nayo tena, mama."

"Kaka yangu naye alijaza yenu moja. Ilikuwa fupi kuliko hii."

Bibi Whitlow alivua miwani, akasubiri, na Shangazi anampa sifa kwa hilo: hakumwambia pole, hakumwambia ni utaratibu tu. Alikaa na kusubiri kama mtu ambaye hana foleni, na foleni ilikuwepo.

Shangazi akaichukua bunduki kwanza. Akapitisha kidole gumba kwenye lile jina la tatu, hadi kwenye herufi iliyoshuka. Kisha akasaini. Anasema hakusita. Katika simulizi la nne alisema alisita kidogo, lakini siku aliyosimulia hivyo alikuwa na homa.

Kabla hajaondoka, Bibi Whitlow alimkagua kwenye kompyuta kama ana kosa la kumzuia. Lilikuwepo moja, la mwaka 1982, la kumpiga mkaguzi wa chakula cha shule kwa mwiko. Halikuwa la kumzuia. Bibi Whitlow alitaka kujua mkaguzi alifanya nini. Alisema niongeze sukari, Shangazi akajibu.

Kituo cha kwanza cha mafuta nje ya mji alikata uzi kwa meno na kukitupa kile kikaratasi cha namba kwenye pipa. Akaendesha maili mbili, akageuza pikapu, akarudi, akaingiza mkono kwenye pipa mpaka begani mbele za watu wanaokula soseji, akakitoa. Hakutaka namba ya bunduki yake izagae mahali. Alikichoma nyumbani kwenye jiko, na kwa kuwa moto ulishawaka, akapika.

Jumamosi, wengine wakiwa porini na kulungu, bunduki ilikuwa juu ya mlango. Watu walikuja mmoja mmoja kuiona, wakauliza ameipataje. Akawaambia ukweli: sherifu hakusaidia, sheria haikuvunjwa, na matusi yalifanya kazi. Kuhusu fomu aliwaambia pia, lakini kwa sauti ndogo, na akiwa anapakua maharage, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi.

Msimamo wake haujabadilika hata kidogo. Kibao kipo, alikipaka rangi upya majira ya baridi. Machi tisa aliandika barua ya thelathini. Aliniomba niangalie kama kuna makosa, nami naweza kusema ilianza kwa kumsalimia Bibi Whitlow kwa jina, kisha ikaendelea kuwatukana wenzake wote kwa kurasa nne. Urefu wa mtutu ulikuwemo, kwa inchi. Mkwaruzo mpya wa upande wa kushoto, uliotokana na mwizi, ulikuwemo. Mwishoni kulikuwa na mstari unaosema anaambatanisha picha, ili wajue wanachokikosa. Alipiga mbele ya mlango wa jikoni. Friji haionekani.

Nilifikiri ni yeye tu. Lakini wiki iliyofuata nilipopita kwake nilikuta wanaume watano barazani, kofia mkononi, kila mmoja na kalamu. Bwana Teague wa mbegu alikuwa akitafuta neno kali zaidi ya "wezi" ambalo mchungaji hatalikataa, na pembeni yake ameandika aina ya bunduki zake sita, rangi za vitako, na ile yenye ufa. Shangazi alikuwa akizunguka na birika la kahawa, akisahihisha. Matusi ya jumla hayatoshi, aliwaambia. Mtu atakayesoma lazima ajue hasa ni bunduki ipi ambayo hatakaa aiandike.

Dwight alifika mwisho, bila sare, na bunduki ya babu yake imefungwa kwenye blanketi. Alikaa ngazini, akalamba ncha ya penseli.

"Shangazi, hii namba ndogo iliyogongwa hapa chini ya mtutu. Niiweke?"

Shangazi aliinama, akaiangalia kwa kioo chake cha kukuzia.

"Iweke," akasema. "Lakini iandike kwa dharau."